Msitutegulie kitendawili kabla hakijategwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na watu wa aina tatu kwa mpigo: wenye vibanda vya kuonyeshea filamu, mafundi wanaozitafsiri kwa sauti, na wapangaji wa vipindi katika vituo vyetu vya televisheni. Wachache watakaobaki mwishoni ni vijana wanaotengeneza filamu zao wenyewe. Nao nina neno lao.

Hoja yangu ni moja. Katika filamu za bunilizi za kisayansi, yaani zile za vyombo vya angani, mashine zinazofikiri na viumbe wa sayari nyingine, dakika kumi za mwanzo ndizo zinazobeba mzigo wa filamu nzima, na ndizo tunazozifanyia vurugu kuliko zote. Kibandani zinarushwa mbele ili watu wafike haraka kwenye mapigano. Kwenye televisheni zinakatwa kupisha matangazo. Kwenye nakala za kutafsiriwa, msimulizi anazijaza maneno tangu sekunde ya kwanza, na mara nyingi anatutajia nani ni adui na nani atakufa kabla hata jina la filamu halijakamilika kuandikwa.

Siwadharau watafsiri. Wamewafungulia filamu watu ambao Kiingereza, Kihindi na Kichina vingewafungia mlango, na anayeweza kuigiza sauti za watu sita kwa saa mbili bila kupoteza mwendo ana kipaji. Kwa sababu hiyo hiyo inauma kuona kipaji hicho kikitumika mahali ambapo filamu ilitaka kimya.

Tuanzie kwenye jambo tunalolijua wote. Mtegaji anasema "Kitendawili!", wenzake wanaitika "Tega!", naye anatega: nyumba yangu haina mlango. Hakuficha nyumba, wala hakuficha kwamba haina mlango. Kila kitu kiko wazi isipokuwa jina. Wenzake wakishindwa anaomba mji, anapewa, ndipo anategua: yai. Mtu akidakia "yai" mtegaji akiwa bado anavuta pumzi, hajamsaidia yeyote. Ameua mchezo, na mji wa kutoa haupo tena.

Mwanzo mzuri wa filamu hizi umejengwa vivyo hivyo. Unaonyesha kwa uwazi, unanyima jina.

Chukueni Alien ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Ridley Scott. Inaanza kwenye giza la anga, kamera ikipita taratibu sana juu ya sayari. Juu kabisa ya fremu vinatokea vistari vyeupe, kimoja kimoja, vimeachana. Mwanzoni huwezi kuvitambua kuwa ni herufi. Vinaongezeka polepole mpaka vinakuwa herufi tano za jina la filamu. Kabla hadithi haijaanza, jicho limeshafundishwa kazi litakayoifanya kwa saa mbili zijazo: kuona vipande na kujaribu kuviunga. Chini yake muziki wa Jerry Goldsmith hautoi wimbo wa kushika, unanong'ona tu.

Kisha yanakuja maandishi mafupi: chombo cha kibiashara cha kuvuta mizigo, kiitwacho Nostromo, wafanyakazi saba, mzigo wake ni mtambo unaosafisha tani 20,000,000 za mawe ya madini, safari ni ya kurudi Duniani. Maandishi haya ni makavu kama hati ya bandarini, na ukavu huo umekusudiwa. Hakuna neno la kutisha. Ila kuna hesabu, saba, na mtazamaji aliyepewa hesabu ataanza kuhesabu bila kuambiwa.

Sasa kamera inaingia ndani, na wale saba hawapo. Inapita kwenye korido tupu kwa mwendo wa mtu anayetafuta kitu. Vinavyotikisika ni vitu vidogo: karatasi zinapeperushwa na upepo wa mitambo, na vindege vya kuchezea vinavyoinama na kuinuka vyenyewe juu ya meza. Halafu kompyuta inaamka. Mwanga wa maandishi yake unaakisiwa kwenye kioo cha kofia ya angani iliyoachwa mbele yake, na kwa sekunde kadhaa unaona kama uso usio na mtu ukizungumza na mashine. Mwisho mlango unafunguka, taa nyeupe zinawaka, vitanda saba vinafunuka, na wa kwanza kuinuka ni mwigizaji John Hurt. Siongezi neno hapo.

Haya yote yanachukua kama dakika sita, na hakuna binadamu aliyesema lolote. Yafaa tujiulize muda huo umenunua nini.

Kwanza, umemfanya mtazamaji ajue jambo ambalo wafanyakazi hawajalijua: mashine ndiyo iliyoamua waamke. Wenyewe wanadhani wamefika nyumbani. Wakishakula na kufika kwenye viti vyao ndipo wanagundua kwamba Dunia haipo hata karibu. Swali la "kwa nini wameamshwa" lilitegwa tangu pale kwenye kofia tupu.

Pili, na hili ndilo wanaorusha mbele hawalijui, zile korido ni ramani. Seti za chombo kile zilijengwa katika studio za Shepperton, Uingereza, vyumba na njia vikiwa vimeunganishwa, hivyo kamera inaweza kukata kona bila kukata shoti, yaani picha moja mfululizo. Mtazamaji anazungushwa taratibu: hapa ni mezani, pale pana njia nyembamba, dari liko chini, kuna mabomba kila mahali mtu anapoweza kujificha. Saa moja baadaye watu wakianza kukimbia katika njia hizo hizo, unajua wanaelekea wapi na unajua kona inayofuata. Ukiikata ramani, unabaki na watu wanaokimbia tu, na kibanda kizima kitalalamika kwamba filamu haieleweki.

Tatu, imekunyima shujaa. Majina ya waigizaji yanapopita, la kwanza ni Tom Skerritt, anayecheza nahodha. Sigourney Weaver anafuata. Wote saba wanaamka pamoja, wanakula pamoja, wanaingiliana maneno, na kamera haimpendelei yeyote. Mwongozo ule wa maigizo uliandikwa ukieleza kwamba nafasi zote zinaweza kuchezwa na mwanamume au mwanamke. Msimulizi anayetangaza dakika ya pili kwamba "huyu dada ndiye staa wetu leo" ameondoa hofu kwa watu sita waliobaki. Tayari tunajua ni akina nani tusiwahangaikie.

Hapo hapo niseme jambo linalonifurahisha kuhusu lugha yetu. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi. "Anakuja" ni "anakuja". Filamu nyingi za aina hii huanza na mtu aliyevaa vazi la angani, uso haujaonekana, na Mwingereza akitafsiri analazimika kumtaja kuwa wa kike au wa kiume, akitoboa siri. Sisi tumepewa pazia la bure. Ila tumepewa pia mtego ambao Kiingereza hakina: ngeli. Mwingereza ana neno moja dogo linalotosha jiwe, mashine, mnyama na maiti. Kwetu, ukisema "anasogea" umeshasema kwamba kina uhai. Ukisema "kinasogea" umesema huenda ni chombo. Katika filamu ambayo swali lake lote ni "je, hicho ni hai?", kiambishi kimoja kinategua kitendawili. Mtafsiri makini atakimbilia ngeli ya mahali: "kuna mtikisiko kule mbele", "humu mna sauti". Umesema mahali, hujasema nani. Picha ikishaonyesha, ndipo uchague.

Mfano mkali zaidi ni The Thing ya John Carpenter, ya mwaka 1982. Baada ya jina la filamu tunaona theluji ya Antaktika, helikopta, na mbwa anayekimbia. Mtu aliye ndani ya helikopta anamfyatulia mbwa risasi na kumkosa. Muziki wa Ennio Morricone ni mapigo mazito ya besi, kama moyo. Hakuna maelezo. Mbwa anafika kwenye kambi ya Wamarekani, helikopta inatua, mmoja wa wale waliokuwa ndani anashuka akipiga kelele kwa Kinorwe, anaendelea kufyatua, na Wamarekani wasioelewa hata neno moja wanampiga risasi wakijihami. Maneno yale hayakuwekewa tafsiri chini ya skrini. Kwa makusudi. Yana jibu la filamu nzima, yamesemwa wazi mbele ya kila mtu, na yamefichwa na jambo moja tu, kwamba ni lugha ya wengine. Msemaji wa Kinorwe akiitazama filamu hii anajua kila kitu ndani ya dakika kumi.

Mtafsiri wa kibandani anayejua maneno yale yana maana gani, akayatia kwa Kiswahili kwa kuona ndiyo kazi yake, ametafsiri sawasawa na ameiharibu filamu sawasawa. Hapo kazi yake ni kutuacha tubaki na Wamarekani wale: kusema "anapiga kelele kwa lugha wasiyoijua" na kunyamaza. Wanaoweka maandishi ya tafsiri kwenye televisheni wafuate kanuni hiyo hiyo. Kama toleo la asili halikutafsiri, usitafsiri.

Wakati wa kitenzi nao una hatari yake. Arrival ya Denis Villeneuve, 2016, inaanza na mama na mtoto wake, muziki wa Max Richter ukiwa chini, mama akisimulia. Picha haina "-li-" wala "-ta-"; picha ipo tu. Wasimulizi wetu wana mazoea ya kusema "hapa anakumbuka ya zamani" kila waonapo picha ya aina hiyo. Tafsirini alichosema mama, kisha picha isimulieni kwa "-na-": mama anamlaza mtoto, mtoto anacheka. Msiiongezee wakati ambao picha yenyewe haikuutaja. Siwezi kueleza zaidi bila kufanya kosa ninalolikemea.

Nije kwenye sauti, maana hapa ndipo hasara ni kubwa na marekebisho ni rahisi.

2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, 1968, inaanza na skrini nyeusi. Nyeusi kabisa, kwa takriban dakika tatu, huku ukisikika muziki wa György Ligeti unaofanana na nyuki wengi walio mbali. Wengi wakiona hivyo hudhani mashine imeharibika. Mwenye kibanda anaamka kuangalia nyaya, kituo cha televisheni kinakata. Lakini giza lile lina kazi: linafanya sikio liamke kabla ya jicho. Kisha nembo ya studio, kisha noti ya chini kabisa, chini ya hezi 40 (mitetemo 40 kwa sekunde), inayoshikiliwa na kinanda cha kanisani, fidla kubwa za besi na zumari zito, ndipo tarumbeta za Richard Strauss zinapanda na jua linachomoza nyuma ya Dunia. Neno la kwanza la binadamu linakuja baada ya kama dakika 25, nalo ni la mhudumu wa lifti anayemwambia abiria kwamba amefika. Basi. Baada ya kungoja kote huko, usemi wa binadamu unakuja ukiwa adabu ndogo ya kazini, na mtazamaji anabaki na mshangao wake wote mkononi.

Spika ndogo za televisheni nyingi hazitoi kitu chochote cha maana chini ya hezi 100. Maana yake noti ile ya kwanza haisikiki kabisa. Tarumbeta zinaanza hewani, bila ardhi. Hali kadhalika ngurumo ya mitambo katika Alien na mapigo ya besi katika The Thing. Kibanda kilichounganisha sabufa, ile spika kubwa ya besi, kimetatua nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni kiasi: besi ikifunguliwa mpaka mabati yanatetemeka, sikio linachoka mapema na kimya hakiwi kimya tena. Pangeni sauti kwa kutumia mazungumzo ya kawaida, yasikike vizuri mstari wa nyuma bila kupaza; kisha msiguse kitufe kwa dakika kumi. Mwanzo uliopangwa kuwa wa chini ukipandishwa, mlipuko wa kwanza utawaumiza watu masikio, mtapunguza, na kuanzia hapo hakuna atakayesikia minong'ono.

Kwa mafundi wanaorekodi tafsiri: kosa la kawaida ni kushusha sauti yote ya filamu kila msimulizi anapofungua kinywa, kisha kuipandisha anaponyamaza. Inapanda na kushuka kama mawimbi, na mwanzo wa filamu hizi hauwezi kustahimili hilo, kwa kuwa umejengwa juu ya sauti moja isiyokatika. Filamu nyingi za DVD au za mafaili makubwa zina njia sita za sauti. Mazungumzo kwa kiasi kikubwa yako kwenye njia ya katikati. Muziki, upepo na mitambo viko zaidi kushoto, kulia na nyuma. Shusheni ya katikati peke yake, wekeni sauti ya msimulizi pale pale, na ziacheni nyingine zilivyo. Msichanganye njia zote kuwa mbili kabla ya kurekodi, kwa sababu mkishachanganya hamwezi kutenganisha tena.

Nikiwa mkweli, si wa kwetu peke yao wanaotegua mapema. Waliozitengeneza nao wamefanya hivyo, na makosa yao ni shule nzuri. Dark City ya Alex Proyas ilitoka mwaka 1998 ikiwa na sauti ya daktari mmoja inayoeleza, kabla hujaona chochote, ni akina nani wanaotawala mji ule na wanatafuta nini. Mhusika mkuu anaamka kwenye bafu bila kumbukumbu, anahangaika kujua kilichomtokea, na sisi tumeketi tukimngoja agundue tulichoambiwa dakika ya kwanza. Katika toleo la mwongozaji la mwaka 2008 sauti ile iliondolewa. Filamu ni ile ile, lakini sasa tunapotea pamoja naye.

Dune ya mwaka 1984 ilifungua na binti mfalme akieleza sayari, koo na kiungo cha thamani, na hata hivyo kulikuwa na majumba ya sinema ya Marekani yaliyowagawia watazamaji karatasi ya msamiati mlangoni. Filamu inayohitaji karatasi ya msamiati imeshajibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Nayo Blade Runner ya 1982 ilibandikwa usimulizi wa mhusika mkuu kwa matakwa ya wenye fedha, ukaondolewa mwaka 1992. Mwanzo wake wenyewe haukuuhitaji: mji wa usiku unaotema miali ya moto, na jicho moja kubwa linaloutazama, na hatuambiwi ni la nani.

Maelezo ya mwanzo si dhambi kila mara. Star Wars ya 1977 inaanza na aya tatu za maandishi yanayopanda na kupotelea mbali, na zinafanya kazi. Kwa nini? Zinatupa habari za vita kama gazeti, ambazo ukizisahau hupungukiwi kitu, na mara tu zikiisha picha inachukua usukani. Chombo kidogo kinapita juu yetu kikikimbia. Kisha chombo kinachokifukuza kinaanza kuingia kwenye fremu, na kinaendelea kuingia, na kinaendelea. Hapo sote tumeelewa nani mnyonge. Vijana wa filamu, sikilizeni vipimo: kile kidubwana kikubwa kilikuwa mfano wa sentimita 91 hivi, na kile chombo kidogo kinachokimbia kilikuwa mfano wa karibu mita 1.8. Kikubwa kilikuwa nusu ya kidogo! Ukubwa ulitoka kwenye muda kilichotumia kupita, lenzi ikiwa karibu sana na chini yake. Hata yale maandishi yalikuwa ubao halisi, upana wa kama sentimita 60 na urefu wa mita 1.8, umelazwa chini na kamera ikapitishwa juu yake.

Jina la The Thing linalowaka na kupasua skrini nalo lilipatikana kwa vitu vya jikoni. Tangi la samaki lilijazwa moshi, mbele likafunikwa plastiki ya mfuko wa taka, nyuma ikawekwa karatasi angavu yenye herufi za jina na taa kali nyuma yake. Plastiki ilipowashwa moto ilijikunja na kutoboka, na mwanga ukapenya kupitia herufi na moshi. Mwenye kamera ya simu anaweza kujaribu, ila afanyie nje, awe na ndoo ya mchanga, na asivute moshi wa plastiki, ni sumu.

Karibu na nyumbani, Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, 2009, ina dakika 21 hivi, kwa hiyo haina dakika sita za korido. Inafanyaje? Vichwa vya habari za magazeti kuhusu maji, maandishi yanayotuambia ni miaka 35 baada ya Vita Kuu ya Tatu, Vita vya Maji, kisha mwanamke anayeota mti na mashine inayomkamata akiota na kumwamuru ameze dawa. Udongo unaletwa, haujulikani umetoka kwa nani, na udongo ule una maji. Kila kitu kinaonekana: jasho linalokusanywa lichujwe linywewe, mbegu kwenye chupa. Hata jina ni kitendawili kwa msemaji wa Kiswahili, maana filamu inahusu maji na yeye anajiuliza tangu mwanzo kwa nini imeitwa pumzi. Walioitazama kwa Kiingereza hawakupata swali hilo mapema kama sisi.

Mnaotunga zenu, andikeni jibu la filamu kwenye karatasi kwa sentensi moja. Kisha pitieni kurasa kumi za mwanzo na kufuta kila mstari unaolitaja. Msifute vitu; futeni majina. Ongezeni kitu kimoja cha kawaida kilichokaa vibaya, kimoja tu: kikombe cha chai kinachofuka moshi kwenye nyumba iliyohamwa miaka mingi. Vikiwa vitano, mtazamaji hatajua akodolee kipi. Halafu waonyesheni watu watatu wasioijua hadithi dakika tano za mwanzo na kuwauliza wanataka kujua nini. Wakiuliza swali moja, mmetega. Kila mmoja akiuliza lake, na maswali yenyewe yakiwa "hapa ni wapi, huyu ni nani, kwa nini giza hivi", hilo si fumbo. Ni ukungu, na tiba yake ni kuonyesha zaidi, wala si kuweka msimulizi.

Kosa dogo la kisayansi halitawaangusha mkishika kanuni yenu. Contact ya mwaka 1997 inaanza na kamera inayoondoka Duniani kwenda mbali, na kadiri inavyokwenda redio tunazozisikia zinakuwa za miaka ya nyuma zaidi, mpaka kimya kitupu, kisha jicho la mtoto wa kike. Mawimbi ya redio yanafika Jupiter kwa dakika 35 hadi 52, hivyo pale hapawezi kusikika matangazo ya miaka mingi iliyopita kama filamu inavyofanya. Hata hivyo hakuna aliyepotea njia. Ndani ya dakika kama tatu, bila neno la maelezo, tumefundishwa kwamba mbali ni zamani, na filamu nzima inasimama juu ya hilo.

Kwa vituo vya televisheni nina maombi mafupi. Tangazo la kwanza lisubiri mpaka watu wameanza kuzungumza na jambo la kwanza limeharibika. Katika filamu nyingi za aina hii hapo ni dakika ya kumi na tano au ishirini. Msiweke nembo inayorukaruka juu ya skrini nyeusi. Na mnapotafsiri maandishi ya ufunguzi, kumbukeni kwamba maneno yetu ni marefu. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni herufi 15 hadi 17 kwa sekunde, mistari miwili ya herufi 42 hivi; mistari hiyo miwili ikijaa inahitaji sekunde tano hadi sita ibaki skrinini. Ikitoka mapema, mtazamaji anaanza filamu akiwa nyuma.

Na kwa mtafsiri wa kibandani, ambaye bado namwona kuwa rafiki wa filamu kuliko wengi, mpango wa Alien ni huu. Vistari vyeupe vikitokea, nyamaza. Maandishi yakija, yasome mara moja kama yalivyo, kwa sauti ya karani: chombo, watu saba, shehena, safari ya kurudi nyumbani. Zima kipaza sauti. Korido, karatasi, kofia, taa, vitanda: usiseme kitu, hata kibanda kikiguna. Wakishakaa mezani na kuanza kubishana kuhusu marupurupu yao, washa kipaza sauti, na uwape kila mmoja sauti yake.

Wako katika kupenda filamu,

Mhariri wa picha na sauti,
Dar es Salaam